Shati la Babake Tone

Jumatatu alasiri Bi Mkasi alikuwa kwenye cherehani yake, anapunguza suruali ya mteja mmoja mfupi asiyependa kuambiwa kuwa ni mfupi, mkwe wake alipoingia na mfuko wa vyuma begani na mtoto mkononi. Mkwe huyo alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Ukimwona ana maneno mengi, ujue jambo limemfika shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona uso umeukunja kama kitambaa kisichopigwa pasi?"

"Muulize mjukuu wako."

Mjukuu mwenyewe aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake. Alikuwa na miaka saba. Hakungoja kuulizwa. Aliuchomoa mkono wake kwa babake, akapita chini ya meza ya kukatia nguo, akakaa huko katikati ya mabaki ya vitambaa. Bi Mkasi akaona nyayo tu. Moyo wake ukashtuka kidogo, maana ilikuwa imepita miezi mitano tangu mtoto huyu ajifiche pale.

Zamani alikuwa anajificha kila siku. Ikifika saa ya madrasa, Kidoti yuko chini ya meza, na kumtoa kulihitaji kumbembeleza nusu saa. Kisha mamake, ambaye ni muuguzi na hushinda kazini, akamwekea kwenye simu ya zamani katuni za dini. Alikuwemo mtoto mmoja aliyeitwa Tone, anatembea na babake, anafundishwa kutawadha, kusali, kusalimia watu. Kidoti akampenda Tone kama ndugu. Akaanza kwenda madrasa akirukaruka, na kurudi akiwa na maswali. Kwa nini tunasugua katikati ya vidole? Malaika wanaona gizani? Bi Mkasi, aliyesoma shule miaka michache tu na kuhitimu madrasa, alikuwa anajibu anayoyajua, na asiyoyajua anasema, "Hilo tulitafute, mke mwenzangu."

"Ustadhi kanisimamisha mlangoni mbele ya watu," mkwe alisema. "Ananiambia mtoto wako ni mkaidi. Anawafundisha udhu. Akisema osheni mkono wa kulia, huyu anaosha wa kushoto. Akimsahihisha, huyu anamjibu, huu ndio wa kulia. Anamjibu Ustadhi, mama! Si mara moja, wiki nzima."

"Sikumjibu," sauti ilitoka chini ya meza. "Nilimwambia tu."

"Umemsikia? Alhamisi anawapima. Akirudia mambo hayo, anarudishwa chumba cha wadogo, akakae na wanaojikojolea. Na mimi nimeshaamua. Hizo katuni mwisho leo. Mtoto anajifunza dini kwa vikaragosi, unategemea nini? Hata koki yao ya maji niliiona siku ile inafunguliwa kinyume. Watu hawajui hata koki, watajua udhu?"

Bi Mkasi aliondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa mtu wa kungoja. Wateja wake walijua kwamba hakati nguo mpaka ameipima mara tatu, na wenye haraka walikwenda kwa mafundi wengine, wakarudi baadaye na nguo za kurekebishwa.

"Baba, nikuombe kitu. Niachie simu na mtoto mpaka Alhamisi."

"Mama, ukaidi hauishi kwa siku tatu."

"Ndiyo maana nataka kujua kama ni ukaidi. Mtoto mkaidi hukataa kuosha. Huyu anaosha, tena anaosha mpaka nyumba inaloa. Kuna kitu hapa sikielewi, nami kitu nisichokielewa hakiniachi nikalala."

Mkwe alikuna kichwa. Kumkatalia mama mkwe ni kazi, tena mama mkwe mwenyewe ana mkasi mkononi. "Mpaka Alhamisi," akasema.

Alipoondoka, Bi Mkasi alichuchumaa, magoti yakalia kama mlango. "Mke mwenzangu, toka huko. Njoo unitawadhishe mimi, nimesahau."

"Hujasahau, bibi. Wewe mzee."

"Wazee ndio husahau. Njoo."

Walikwenda uani, kwenye bomba. Kidoti alikunja mikono ya gauni lake, akatia nia, akataja jina la Mungu, akaanza. Bi Mkasi alisimama nyuma yake, anatazama kama anavyotazama mwanafunzi wa ushonaji. Viganja mara tatu, mpaka katikati ya vidole. Kinywa, pua, uso. Hakuna mahali aliporuka. Kisha akaupeleka mkono wa kushoto chini ya maji, akauosha mpaka juu ya kiwiko, mara tatu, kwa makini mno. Ndipo akaosha wa kulia. Kichwa, masikio. Na kwenye miguu akaanza tena wa kushoto.

"Mashallah. Sasa nionyeshe, mkono ulioanza nao ni upi?"

Kidoti akauinua wa kushoto. "Wa kulia."

"Nani kakwambia huo ni wa kulia?"

"Tone. Na pia mwenyewe naujua." Alimtazama bibi yake kama anayemhurumia. "Mkono wa kulia, bibi. Wa kulia. Ukilia, unafutia machozi huu. Tone akianguka analia, anafuta hivi. Na mimi nikilia nafuta hivi."

Bi Mkasi alicheka mpaka kastabini ikamchomoka kidoleni, ikadumbukia kwenye ndoo. Kwa miaka sitini na kitu alikuwa anasema mkono wa kulia, wala siku moja hakujiuliza unalia kitu gani.

"Basi sisi wa zamani huuita mkono wa kuume," akasema, akimshika mkono wa kulia kwelikweli. "Huu hapa."

Kidoti akauchunguza. "Hauumi, bibi."

"Kuume, si kuuma."

"Hauumi hata kidogo."

Alijaribu kumwambia wazi: mwanangu, umegeuza, wa kulia ni huu. Mtoto akatazama mkono mmoja, akatazama mwingine, midomo ikaanza kutetemeka. "Kila mtu ananiambia mkaidi. Na wewe pia?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kushoto. "Si unaona?" akasema kwa kwikwi. "Si huu ndio wa kulia?"

Bi Mkasi akaacha. Mshono ukikataa hauvutwi kwa nguvu, kitambaa kitachanika. Akamfuta pua, akamwambia, "Kesho utanionyesha huyo Tone wako."

Jumanne, Kidoti alipotoka shule, waliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, Bi Mkasi akavaa miwani yake ya kutungia uzi. Alikuwa hajawahi kuzitazama zile katuni vizuri. Alikuwa anazisikia tu kutoka chumbani, akaridhika na sauti. Kidoti alikuwa anajua kuendesha simu kuliko yeye. Akagusa, akasukuma mbele.

"Mbona umeruka?"

"Mwanzo hauna kitu, bibi. Ni maneno tu na ubao."

Tone akatokea. Alikuwa mtoto wa mviringo, macho kama mabakuli, amesimama mbele ya koki, mgongo kwa mtazamaji. Babake amesimama pembeni, anamwelekeza kwa sauti ya upole, na sauti hiyo ilimpendeza Bi Mkasi. "Sasa tunaosha mkono wa kulia, mwanangu. Mara ya kwanza." Na Tone akatia kwenye maji mkono wa kushoto.

"Simamisha hapo!"

Bi Mkasi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo cha simu. Kwanza alidhani ni mambo ya kuelekeana. Mteja akisimama mbele yako, mkono wake wa kulia uko kwenye kushoto kwako, na mafundi wanaoanza hukata mikono miwili ya upande mmoja kwa kosa hilohilo. Lakini Tone hakuwaelekea. Alikuwa amewapa mgongo. Kushoto kwake ni kushoto kwako.

Mdomo ulisema kulia, mkono ulifanya kushoto.

"Endelea," alisema. "Kuna nyingine?"

Zilikuwepo nyingi. Katika moja, babake Tone alikunywa maji kwa mkono wa kushoto, huku sauti inasema tunakunywa kwa mkono wa kulia. Katika ile ya sala, Tone alifunga mikono kifuani, wa kushoto ukiwa juu, na alipomaliza akatoa salamu akianzia kushoto.

"Hawa ni ukoo wa mashoto?" Bi Mkasi aliuliza.

"Mashoto ni nini?"

"Watu wanaotumia kushoto kwa kila kitu. Lakini hata mashoto hawatoi salamu kwa kuanzia kushoto. Na huyu babake, mbona kavaa shati la mkewe?"

Kidoti akainama kutazama. "La bluu hilo? Ni lake."

"Ni la kike. Tazama vifungo. Shati la kiume, upande wa kushoto hulala juu ya upande wa kulia. La kike ni kinyume chake. Huyu bwana amevaa la kike, na jirani yake yule mwenye ndevu naye kavaa la kike. Fundi wao nani?"

Walicheka wote wawili. Lakini usiku ule Bi Mkasi alipolala hakucheka. Si kwamba alikasirika. Alikuwa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka: anajua imo humohumo chumbani. Watu hawa wa Tone walijua mpaka katikati ya vidole. Walijua utaratibu wote, hawakuruka, hawakuzidisha. Mtu anayejua kiasi hicho akikosea, hukosea hapa akapatia pale. Hawa walikosea kila mahali, hawakupatia hata mahali pamoja. Kosa la namna hiyo linatoka wapi?

Jumatano alikuwa na kazi ya gauni la shule la Kidoti, lililokuwa limembana makwapani. Alimsimamisha kwenye kigoda mbele ya kioo kirefu cha wateja, mdomo wake umejaa pini. Kidoti alikuwa hapendi kusimama tuli, kwa hiyo akaomba Tone. Simu ikaegemezwa kwenye cherehani, nyuma yao, na kwa kuwa mtoto alikuwa kigodani hakuweza kuifikia kuruka mwanzo. Katuni ikaanza kutoka mwanzo wake.

"Siioni, bibi!"

"Itazame kwenye kioo. Usigeuke, nitakuchoma."

Basi wakaitazama kwenye kioo. Kwanza ulitokea ubao wa darasani, wenye herufi kubwa za rangi, na sauti ya watoto ikazisoma. Alifu, be, te. Bi Mkasi naye akazisoma kwa moyo, kama alivyozisoma utotoni, macho yakifuata ubao kutoka kulia kwenda kushoto. Jimu, ha, kha. Safi. Kisha babake Tone akaingia, na Bi Mkasi akatupa jicho kwenye shati lake kwa mazoea tu.

Lilikuwa la kiume.

Pini zikamwanguka mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Bibi, vipi?"

Aligeuka akatazama simu. Shati la kike. Akageuka akatazama kioo. Shati la kiume. Akaenda kwenye simu, akarudi kwenye kioo, akaenda tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwenye simu Tone alitia majini mkono wa kushoto. Kwenye kioo alitia wa kulia.

"Rudisha mwanzo! Shuka, mke mwenzangu, rudisha mwanzo, kwenye ubao!"

Kidoti alishuka na gauni lake la nusu, pini zikimning'inia, akarudisha. Safari hii Bi Mkasi aliutazama ubao kwenye simu yenyewe. Alifu ilikuwa upande usio wake. Jimu lilikuwa limegeuzia watu mgongo. Herufi zote zilikuwepo, nzuri, za rangi, na hata moja haikusomeka. Na juu kabisa, jina la katuni lilikuwa limebandikwa kwenye utepe mweusi kama kiraka, na pembeni mwa kiraka pakachungulia ncha za maneno mengine yaliyokuwa chini yake.

"Hawakukosea," Bi Mkasi alisema polepole. "Hakuna mshono uliokosewa hapa. Ni nguo iliyogeuzwa."

Alimvalisha mtoto kanga juu ya pini, akachukua simu na kile kioo kidogo cha kushika mkononi ambacho wateja hutazamia mgongo, wakavuka barabara kwenda kwa fundi simu. Fundi simu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye watu walimwita Mama Betri, na kibanda chake kilijaa simu zilizofunguliwa matumbo.

"Bi Mkasi! Leo umeniletea mgonjwa gani?"

"Simu haiumwi. Nataka uniambie, mtu anawezaje kugeuza katuni, kulia ikawa kushoto?"

Mama Betri akaitazama simu, akakitazama kioo, akatazama tena simu. Akaguna. "Hii ni ya wizi."

"Simu yangu?"

"Katuni, mama. Sikiliza. Mwenye kazi yake anapoiweka mtandaoni, mtandao huishika sura. Mwizi akiichukua akaiweka ileile, inakamatwa hapohapo. Kwa hiyo anaigeuza, halafu anabandika jina lake juu. Mtandao unaona ni nyingine. Watu wanatazama, yeye anavuna pesa."

"Kama mtu kaiba shati, akalivaa ndani nje asijulikane."

"Hasa!"

Bi Mkasi akatikisa kichwa. "Nimesikia wezi wa viatu vya msikitini. Wezi wa udhu ndio kwanza leo."

Mama Betri alicheka hadi kibanda kikatikisika. Kisha akayasoma kwa kile kioo yale maneno yaliyochungulia chini ya kiraka, akayaandika, akatafuta, na haikuchukua muda akaipata katuni yenyewe, ile ya wenyewe, haina kiraka. Ubao ulisomeka. Shati lilikuwa la kiume. Tone aliosha mkono wa kulia.

Bi Mkasi alihisi kama amevaa viatu vinavyomtosha. "Umeona, mke mwenzangu? Huyu ndiye Tone wa kweli."

Kidoti alitazama kidogo tu. Akasukuma simu. "Huyu si Tone. Huyu ni wa uongo. Anaanza na mkono mbaya."

Furaha ya Bi Mkasi ikakaa chini. Ilikuwa Jumatano, jua limeshainama. Ameshajua kosa lilipotoka, lakini kosa lenyewe bado limekaa kwenye kichwa cha mtoto, limejenga nyumba. Kesho Ustadhi atasema mkono wa kulia, na Kidoti, kwa utii wake wote, atauinua wa kushoto. Ataitwa mkaidi kwa kutii. Nani atakuwa na subira ya kusikiliza habari za wezi na vioo, wakati mtoto mwenyewe anashikilia kuwa yuko sawa?

Walirudi nyumbani. Bi Mkasi akakata mkate vipande viwili, kimoja akampa mtoto. Kidoti akakipokea kwa mkono wa kulia, akaanza kula. Bi Mkasi naye akatafuna, akamtazama. Akaacha kutafuna.

"Huo mkono ulioshika mkate, nani alikufundisha kuutumia?"

"Mama. Nikitumia huu mwingine ananipiga kikofi kidogo. Siyo huo, huo mwingine."

"Anauitaje?"

Kidoti akafikiri. "Hauiti. Anasema siyo huo, huo mwingine."

"Haya. Na hii meza iliyo mbele yetu, mama huiitaje?"

"Meza ya kulia."

"Kwani inalia?"

Kidoti akaacha kutafuna. Akaitazama meza. Jicho likaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Na zile sahani kabatini, za kulia, umeshawahi kuzisikia zinalia? Na vijiko vya kulia, usiku vinatoa machozi?"

"Hapana!" Kidoti alikuwa anacheka sasa, makombo yanamruka. "Ni vya kulia chakula!"

"Basi na mkono?"

Mtoto akautazama mkono wenye mkate, kama mtu aliyetambulishwa kwa jirani aliyekaa naye miaka bila kumjua jina.

"Huu," akasema taratibu, "ni wa kulia mkate."

"Wa kulia mkate, na kila kitu cha heri. Huo ndio unaotangulia kwenye udhu. Machozi, futa kwa wowote. Mimi nikilia hutumia ncha ya kanga."

"Na Tone?"

"Tone alikuwa anajua. Mtu mmoja kamgeuza kama soksi. Njoo." Akambeba mtoto na mkate wake mpaka mbele ya kioo kirefu, akamwonyesha katuni ya wizi ndani ya kioo, kisha ile ya wenyewe kwenye simu, kisha tena. Kidoti alitazama, akatafuna, akatazama. Alipomaliza mkate akasema, "Maskini Tone," akaenda uani kuosha mikono.

Alhamisi Bi Mkasi alivaa buibui lake la kutokea, akatia kioo cha mkononi kwenye mkoba, akafuatana na mkwe wake na mtoto hadi madrasa. Ustadhi alikuwa mtu wa makamo, sauti kavu, lakini si mbaya. Aliwapokea kwa adabu, na kioo kilipotoka mkobani adabu ikapungua.

"Mama yangu, hapa watu wanasoma. Katuni zitazamwe nyumbani."

"Ni kweli, Ustadhi. Sitakuomba utazame. Nakuomba uwaulize watoto swali moja tu. Wafumbe macho, wanyooshe mkono wa kulia."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Kisha tutaondoka."

Mkwe alikohoa, akatazama viatu. Watoto kumi na tisa walifumba macho. "Nyoosheni mkono wa kulia," Ustadhi akasema.

Mikono ikapanda. Bi Mkasi hakuitazama mingine, aliutafuta mmoja. Kidoti alikuwa hajanyoosha. Alikuwa amefumba macho mpaka paji limekunjana, mikono yote miwili mapajani. Mdomo wake ukaanza kutafuna hewa, taratibu, mara moja, mara mbili. Ndipo mkono wa kulia ukapanda, umenyooka kama rula.

Bi Mkasi akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatatu.

Lakini Ustadhi alikuwa ameganda. Watoto wanne wengine walikuwa wamenyoosha wa kushoto, wamejiamini kabisa, mmoja anautikisa ili aonekane vizuri. Kumbe bombani siku zote walikuwa wanawaiga wenzao tu.

"Fumbueni macho. Nyinyi wanne, huo ni mkono gani?"

"Wa kulia!"

"Nani kawafundisha?"

Walitazamana. "Tone," wakasema kwa pamoja.

Ustadhi akageuka polepole. Akanyoosha kiganja, Bi Mkasi akampa simu, akamshikia kioo. Alitazama ubao kwenye simu, jimu lililogeuka mgongo. Alitazama kwenye kioo. Akarudia. Ndevu zake zikaanza kutikisika, na watoto ambao hawajawahi kumwona akicheka wakajua la kufanya, wakacheka wote.

"Na wewe," akamgeukia Kidoti, akijaribu kurudisha sauti yake kavu, "ulikuwa unatafuna nini darasani?"

"Mkate, Ustadhi. Haupo. Nilikuwa nautafuta mkono."

Ilibidi Bi Mkasi aeleze habari ya meza na sahani. Ustadhi alisikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye midomo. "Miaka ishirini nasema mkono wa kulia," alisema, "nikidhani nimesema kitu." Kisha akamwita fundi bomba, aliyekuwa mlangoni. "Mzee, Jumatatu nilimpa binti yako jina la mkaidi mbele ya watu. Nalirudisha mbele ya watu. Mtoto huyu alikuwa anafuata alichofundishwa kwa uaminifu kuliko wengi. Atabaki darasa hili."

Mkwe hakujua aweke wapi mikono yake. Akachukua simu, labda kwa kutafuta pa kutazama. Ilikuwa sasa inaonyesha katuni ya wenyewe. Tone alikuwa anafungua maji.

"Hebu," mkwe akasema. Akaisogeza karibu. "Hii koki sasa inafunguka inavyotakiwa."

"Si ulishasema tangu Jumatatu kuwa inafunguliwa kinyume?" Bi Mkasi akamwambia. "Ulikuwa na jibu mkononi, baba, ukalitumia kunikasirikia."

"Nilidhani hawajui kuchora, mama."

"Na mimi nilidhani babake Tone kavaa la mkewe."

Walitoka kwenda kwenye mabomba ya uani, darasa zima, kwa ajili ya kipimo. Bi Mkasi alibaki kwenye kivuli cha ukuta, akatazama watoto kumi na tisa wamepanga mstari, mikono imekunjwa. Ustadhi aliposema "mkono wa kulia," vinywa vyote kumi na tisa vikatafuna hewa mara moja, Kidoti wa kwanza, na mikono ikaingia kwenye maji. Yote ya kulia.

Mkwe alikuja akasimama karibu naye, simu bado mkononi.

"Mama, ile ya sala ipo humu? Ya wenyewe?"

"Mama Betri anasema zote zipo. Kwa nini?"

"Nataka tu kuona," alisema fundi bomba, na akakaa chini, kwenye ngazi, akampisha mama mkwe wake upande ambao kioo cha simu kilionekana vizuri zaidi. Bi Mkasi akatoa miwani yake mkobani. Kulikuwa na vifungo vya shati moja alivyokuwa anataka kuvitazama tena.